Nili-upgrade Windows 7, nikageuka mwongo kwa msiba: Kelvo wa 56 na Chairman Sikuku, huu uzi ni wenu

Wakuu, mko aje.

Naandika nikiwa na hasira kwa hivyo mnivumilie kwa spelling. Shule niliachia darasa la sita. Lakini kila kitu nitasema hapa kilitokea, na majina sifichi. Anayeona nimemwonea aje hapa chini ajitetee, ama anitafute Kibera, pale upande wa kutokea Soko la Toi. Uliza Baba Nafula wa eulogy. Mama yeyote wa mboga atakuonyesha mlango.

Hii ni story ya kompyuta. Ukiona ni jambo dogo, soma mpaka chini halafu urudi uniambie ni dogo.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuzikana. Sisi wengi ni Waluhya wa Magharibi kama mimi, na Wajaluo wa kule ziwani, nyumbani ni mbali, na mtu akifa huku lazima asafirishwe. Kwa hivyo tuna kikundi. Kazi yangu ni kuandika programu ya mazishi. Picha mbele, maisha ya marehemu ndani, majina ya watoto, ratiba nyuma. Nina kibanda kimoja, mashine moja, printer moja. Natype na vidole viwili, na kimoja kati ya hivyo kinauma.

Kinauma kwa sababu ya moto.

Moto ulipita kwa plot yetu mchana kweupe, miaka kadhaa imepita. Mabati yakajikunja kama karatasi. Mimi nilitoka. Kuna wenye hawakutoka. Mkono wangu wa kushoto haujawahi kunyooka tangu siku hiyo. Na kitabu cha kikundi, na albamu ya picha za watu wetu, zote zilienda. Msiba uliofuata tulizika mama mmoja bila picha. Kwa programu niliweka maua pale uso wake ulifaa kuwa. Bwanake aliangalia yale maua akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Baada ya hapo tukaamua: hakuna karatasi tena. Kila kitu kwa mashine.

Tukapata hiyo kompyuta, second-hand, na Windows 7 yake. Kila Jumamosi mchana watu wakaanza kuja kibandani kwangu kuweka maneno. Hivyo ndivyo tunaita. Mtu mzima, mwenye afya, anakaa kwa stuli, anasema maisha yake vile anataka yasomwe siku yake ikifika. Mimi naandika. Anapigwa picha akiwa amechana nywele. Tunacheka sana, wakuu. Kuna mama aliniambia niandike alipendwa na mabwana wengi lakini alichagua mbaya. Bwana alikuwa amesimama hapo mlangoni.

Kwa nini mtu aweke maneno akiwa hai? Kwa sababu ukishakufa, watu wa nyumbani wanaandika yao. Nimeona mengi. Nimeona mke wa miaka ishirini akiachwa nje ya programu. Nimeona mtoto akifutwa.

Sasa tufike kwa Mzee Odongo.

Mzee Odongo alikuwa fundi wa vitanda hapo ukingoni mwa Toi. Kama umelala Kibera kwa kitanda ambacho hakipigi kelele, pengine ni chake. Ndiye alinivuta kutoka kwa ule moto, akinishika kwa huu mkono mbovu. Kwa hivyo mjue naongea juu ya nani.

Alikuwa na watoto watano. Wa kwanza ni Achieng', anauza nguo za watoto za mitumba hapo ndani ya soko. Achieng' alikuja kwa nyumba ya mzee akiwa tumboni mwa mama yake. Damu si ya mzee. Kila mtu alijua na hakuna mtu alijali, isipokuwa Nashon, ndugu ya mzee, anayeishi kule nyumbani. Nashon akihesabu watoto wa ndugu yake anaishia wanne.

Jumamosi moja mzee akaja akakaa kwa stuli.

"Baba Nafula, andika. Achieng' wa kwanza. Ukimweka wa pili nitatoka huko chini nije nikuvute mguu."

"Mzee, kwani unakufa leo?"

"Leo siwezi. Nina kitanda ya mtu haijaisha."

Akasema, nikaandika. Alisema polepole kwa sababu alijua vidole vyangu. Halafu nilipomaliza akasema niwashe simu nimrekodi akirudia yote kwa mdomo wake.

"Ya nini, mzee? Si nimeandika?"

"Namjua Nashon. Nikishalala atasema Mluhya ametunga. Sauti yangu hawezi kusema ametunga."

Nikamrekodi. Kwa nyuma unasikia mtu akipiga msumari na mwingine akiita wateja wa viatu. Simu yangu ilikuwa imejaa, kwa hivyo nikahamisha ile sauti kwa kompyuta na waya, nikaifuta kwa simu. Nikafungua folder, nikaiita MZEE ODONGO, nikaiweka hapo mbele, Desktop, mahali naiona kila asubuhi nikiwasha. Hapo ndipo niliweka kila mtu. Folder kwa folder mpaka ile picha ya nyuma haionekani.

Kumbukeni hiyo Desktop.

Mwaka jana mashine ikaanza kukataa. Si kwamba iliharibika. Ilikuwa inatype, inaprint, sawa kabisa. Lakini mtandao ulikuwa haufunguki. Ukienda website ya serikali inakuambia browser ni ya zamani. Ukitaka browser mpya inakuambia Windows ni ya zamani. Wateja wangu wa kutype na kuprint wakaanza kwenda kwingine.

Chairman wetu, Sikuku, ndiye aliona aibu kuliko mwenye mashine. Kikundi kilikuwa kinatakiwa ku-renew usajili online, na yeye anapenda kuonekana. Kila mkutano: "Katibu, tutabaki nyuma kwa sababu ya hiyo makumbusho yako? Dunia iko Windows eleven."

Nilimwambia mashine inafanya kazi yake, kwa nini niiguse? Akasema mimi naogopa teknolojia kwa sababu sikusoma. Mbele ya watu. Wamama wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka.

Sasa hapa nataka mnisikie vizuri, nyinyi wa humu ndani.

Nilikuja kuwauliza. Kwa hii forum. Niliuliza kama naweza kuendelea na Windows 7 au ni-upgrade. Mkuu mmoja akaniita dinosaur. Watu wakaweka vicheko. Mwingine akasema nitupe hiyo kitu ninunue laptop, kama vile laptop zinaokotwa. Mmoja tu, na nilikuwa nimempita haraka, aliandika: "Backup kwanza boss, then clean install."

Sikujua backup ni nini. Na clean install nilisikia neno clean nikadhani ni kupanguza vumbi na kuweka dawa ya virusi. Ningeuliza. Ilikuwa swali la mstari mmoja. Lakini nilikuwa nimeshachekwa mara moja na Chairman na mara moja na nyinyi, nikaona ya tatu siwezi.

Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la kwanza na naliandika kwa mkono wangu.

Chairman akanielekeza kwa Kelvo. Kelvo ako na duka Kawangware 56, karibu na stage, katikati ya saluni na hardware. Ni shemeji ya Chairman. Si mtoto, ni mwanaume wa ndevu, ana cheti kwa ukuta ndani ya fremu. Nilifunga CPU kwa gunia safi, nikapanda boda nimeipakata kama mgonjwa.

Kelvo akaifungua akapuliza vumbi.

"Buda, hii ni ya enzi gani? Eleven haiwezi kubeba. Tutaiwekea ten, itasukuma sukuma."

"Sawa, lakini vitu vyangu visipotee."

"Ziko C ama D?"

Wakuu, mimi C najua ni nini. Ni ile unafungua unakuta mafolder ya Kizungu, Program Files na nini. Sijawahi weka kitu hapo maishani. Nikajibu kwa kujiamini, nikijua leo hatanishinda:

"Kwa C hakuna kitu yangu. Mimi naweka kila kitu Desktop."

Akaniangalia. Naona hayo macho mpaka leo. Halafu akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akasema, "Fiti. Enda ukunywe chai, rudi baada ya masaa mawili."

Alijua. Wale mnaojua kompyuta, mmeshajua pia. Desktop iko ndani ya C. Mimi sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani ni mahali pake, pa juu, mbali na hayo mambo ya ndani. Ungenieleza kwa pumzi moja, Kelvo. "Buda, hizo zitafutika." Maneno matatu. Ulikuwa na mdomo.

Nilikunywa chai na mandazi mbili. Nikarudi nikiwa nimeshiba.

Screen ilikuwa safi. Nzuri, ya bluu, kama nyumba imepakwa rangi. Na pipa moja la taka juu kwa kona. Basi.

"Mafolder yangu yako wapi?"

"Gani?"

"Za Desktop. Za watu."

"Si nilikuuliza? Ukasema C hakuna kitu."

"Nilisema ziko Desktop!"

"Desktop si iko kwa C, buda. Hiyo kila mtu anajua."

Kila mtu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mbele yake, mtu mzima na mvi, na sikuwa mmoja wa kila mtu.

Nikapiga kelele mpaka watu wa saluni wakatoka na vichwa vimesukwa nusu. Ndipo akajitetea na hii, na sikieni vizuri. Akasema yeye kweli aliona Desktop imejaa, akapigia Chairman simu. Na Chairman akamwambia: futa yote, ianze upya, kesho nataka ku-renew kikundi.

Chairman Sikuku. Bila kuniuliza. Na maneno yake mwenyewe na ya mama yake yalikuwa humo ndani, mjinga huyu.

Nilimpigia hapo hapo. Akasema, "Katibu, si utaziandika tena? Ni makaratasi tu."

Nikarudi Kibera na gunia langu. Kuna fundi mwingine karibu na sisi, mama mmoja anaitwa Njeri, anatengeneza simu. Alihangaika na hiyo disk siku mbili na hakunicheka hata mara moja. Alitoa picha chache, nusu uso, nusu rangi ya kijivu. Sauti hakuna. Akanieleza kwamba Kelvo alishapanga vitu vipya juu ya vile vya zamani, hata alinijazia movie za bonus. Movie! Mahali sauti ya mzee ilikuwa imelala, Kelvo aliweka Wachina wanapigana mateke.

Nikamuuliza Njeri, hii Desktop ni nini hasa? Akasema, "Chukulia C ni nyumba. Desktop ni meza tu ndani ya hiyo nyumba. Wewe uliona meza kwa sababu iko karibu na mlango."

Hivyo ndivyo ilifaa nielezwe. Ilichukua muda gani?

Sasa nafika mahali sipendi.

Mzee Odongo alikuwa bado hai.

Mnaelewa? Alikuwa hai, ako hapo Toi, anapiga randa. Ningeenda na simu nimwambie, mzee, zimepotea, tukae turekodi tena. Nusu saa. Wale wengine niliwaambia mmoja mmoja, wakanitukana, wakaja wakakaa kwa stuli tukaanza upya. Lakini yeye nilimwogopa. Si kwamba ni mkali. Ni kwamba aliniamini. Alinitoa kwa moto, na mimi nimeshindwa kutunza dakika sita za mdomo wake. Kila asubuhi nilisema leo. Nikifika karibu na banda lake nazunguka nyuma ya wauza viatu.

Siku moja akaniona, akaniita kwa nguvu.

"Baba Nafula! Maneno yangu iko salama?"

Nikajibu, "Iko salama, mzee."

Akarudi kwa randa yake, anapiga mluzi.

Wiki tatu baadaye presha ilimpiga akiwa kazini. Hakufika hospitali. Kitanda alichokuwa anatengeneza kilibaki na miguu mitatu.

Nashon akaja kutoka nyumbani na karatasi yake mfukoni. Tukakaa kikao cha mazishi, familia na kikundi. Akasoma watoto: wanne. Achieng' alikuwa hapo hapo ndani, anapimia watu chai. Hakutoa macho kwa birika.

Nikasimama. Nikasema marehemu aliweka maneno, na ni watano, na wa kwanza ni Achieng'.

"Lete basi," Nashon akasema.

Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeandika upya yote kutoka kichwani, kwa sababu mtu anayetype na vidole viwili anakumbuka kila neno. Ilikuwa hivi: "Mimi Odongo, fundi wa vitanda. Watoto wangu ni watano na kifungua mimba ni Achieng'. Asiitwe wa kambo. Mimi ndiye nilimpokea siku alizaliwa, na kitanda cha kwanza nilitengeneza nikakataa kukiuza kilikuwa chake."

Nashon akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Hii wino haijakauka. Umeandika lini?"

"Jana. Lakini maneno ni yake. Nilimrekodi."

"Tusikie."

Nikatoa simu mfukoni, nikairudisha.

"Ilifutika. Nili-upgrade mashine."

Nashon hakukasirika hata. Alicheka kidogo. "Mluhya ametunga," akasema. Vile vile mzee alisema atasema. Neno kwa neno.

Nikamwangalia Chairman. Yeye alijua. Alikuwa amesikia hiyo sauti kwa masikio yake, nilimwekea asikie kibandani akacheka ile ya kuvutwa mguu. Ilikuwa aseme tu, "Mimi nilisikia." Lakini hapo ingebidi aseme pia nani alitoa amri ya kufuta. Sikuku akaangalia viatu vyake. Akasema, "Katibu, tufuate familia."

Nikaprint wanne. Kwa mashine yangu, kwa mikono yangu, na hiyo Windows yao mpya. Ilienda haraka sana, haikukwama hata mara moja.

Achieng' ndiye alitumwa kuchukua zile programu, siku gari ya mwili inatoka. Akafungua moja hapo kibandani. Akashuka na kidole kwa majina mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena. Akafunga.

Nikamwambia yote. Kila neno, kitanda na yote, vile babake alivyokuwa amekaa, na yule mtu wa msumari kwa nyuma. Nilitaka aone ni ukweli. Kadiri nilivyoongeza ndivyo nilivyosikika kama mtu anatunga.

Alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akanishika huu mkono mbovu.

"Asante, Baba Nafula. Wewe una roho nzuri. Umenifariji."

Akabeba bunda lake akaenda.

Anadhani nilimfariji. Mpaka leo nikipita kwa nguo zake ananisalimia vizuri, na najua ndani yake anasema huyu mzee ni mwema, alinitungia kitu kizuri siku ile mbaya. Tuliacha karatasi ili moto usichukue tena maneno ya watu wetu. Kelvo na Chairman walimaliza na simu moja. Na mimi nikapigilia msumari wa mwisho na "iko salama".

Na mjue wiki hii hiyo Windows ten imeanza kunitolea ujumbe kwa screen. Inasema nayo imefika mwisho, nifikirie kuhamia nyingine. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Sijaamua. Ikichukua miezi ichukue miezi, safari hii mtu akiniharakisha nitamuuma. Njeri amenifundisha kunakili vitu mahali pawili, moja inakaa kwangu, moja inakaa kwake, na kila Jumamosi tunafungua tuone kama kweli zinafunguka.

Nilichojifunza ni hiki. Usiulize tu kama u-upgrade au usi-upgrade. Uliza kila kitu chako kimekaa wapi, na usipoelewa jibu uliza tena, wacha wacheke. Kicheko kinaisha. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie mapema, akiwa bado anaweza kukutolea kingine.

Nyinyi mnaojua kompyuta, mtu wa mikono kama yangu akija akasema kitu cha ujinga kwa kujiamini, msitabasamu. Mwelezeni.

Kelvo, najua uko humu, jibu. Chairman, mkutano wa Jumapili nitasoma huu uzi kwa sauti, kwa hivyo jiandae ama uhame kikundi.

Wengine, matusi yenu nitapokea, lakini kwanza naomba kitu. Kuna watu wa Toi humu, na watu wa Kibera, na watu walinunua vitanda kwa Mzee Odongo. Kama ulimsikia hata siku moja akimwita Achieng' kifungua mimba wake, andika hapo chini, useme ilikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini hapo. Usiongeze, usipambe.

Nitaprint zote. Nitampelekea akiwa kwa soko, asome yeye mwenyewe kwamba si mimi nilitunga.